Mota Yenye Doa la Kijani

Hebu niambie, weye umeshawahi kumuona mtu mzima, kofia kichwani na shati limepigwa pasi, akilipima gari kifua kwa kipimo cha daktari? Kile cha kutia masikioni, chenye mpira na kisahani cha baridi? Kama hujamuona, basi hukuwapo Mkoani, Pemba, masika yale Vuai alipoteremka kutoka Unguja na begi moja jeusi na maneno ya kujaza mabegi kumi.

Vuai alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, vidole vyembamba kama vya mpiga udi, na sauti laini ya mtu anayekutakia heri. Kazi alizozifanya ni nyingi, na kila moja aliifanya wiki moja. Alishauza maji ya kuotesha ndevu. Alishauza dawa ya panya ambayo sharti lake panya asiione na mnunuzi asiifungue. Alipofika Mkoani alijipa cheo kipya: Daktari wa Hewa za Magari. Kipimo alikipata sokoni, kwenye fungu la vitu vya mtumba, na kilikuwa kizima ila sikio moja.

Na tusimuonee. Jambo moja alilijua kweli. Alipata kukaa siku chache kwenye gereji moja kabla hawajamfukuza, na pale akajifunza kuitoa mota ya feni, ile inayosukuma hewa ndani ya gari. Unapiga magoti upande wa abiria, unaingiza mkono chini ya dashibodi, skrubu tatu, plagi moja, mota hiyo mkononi. Kuitoa alijua, na kuirudisha alijua. Kilichomo tumboni mwake hakukijua wala hakikumhusu.

Basi ilikuwa Alkhamisi asubuhi, mvua inashuka kama imekatiwa kamba. Vuai amekaa mgahawani karibu na bandari, chai mbele yake, mara akaona Noah nyeupe inashuka mlimani polepole, dereva katoa kichwa nje ya dirisha kama mbuzi aliyefungwa kwenye tenga. Kioo cha mbele kimejaa ukungu, hakioneki kitu. Dereva anafuta kwa kitambaa, ukungu unarudi. Anafuta, unarudi.

Wengine waliona gari lenye ukungu. Vuai aliona riziki, akaweka kikombe chini.

Dereva yule akiitwa Mabruki, na alikuwa katika wale watu ambao ukiwauliza njia hukueleza mpaka ndoa yao. Vuai aliuliza tu kama feni haipulizi. Mabruki akamwambia kuwa juzi ilipuliza kidogo, jana ikalia, leo kimya. Akamwambia gari ni la Bi Ummkulthum, mjane wa fundi Hudhaifa, na kazi yake ni kuchukua maharusi. Akamwambia Jumamosi baada ya alasiri linamchukua bibi harusi, Asya, kwenda Kengeja, na kwa mvua hii bila ya feni kioo hakioneki. Akaongeza lile ambalo hakupaswa kumwambia mtu yeyote mwenye begi jeusi.

"Gari ya harusi ikiangusha harusi moja, ndugu yangu, imekwisha. Watu watasema ina nuksi. Haitaitwa tena, na Bi Ummkulthum hana shamba, hana mtoto. Ana gari hii na cherehani."

Vuai akatikisa kichwa kwa huzuni. Akatia kipimo masikioni, akaweka kisahani juu ya dashibodi, akafumba macho.

"Pumu," akasema.

Bi Ummkulthum alikuwa barazani kwake anashona, miwani imefungwa kwa uzi, mwili mdogo kama wa ndege. Uani kwake kulikuwa na masinia, masufuria, mabeseni na mabirika, yameoshwa na kufudikizwa yakauke, na kila kimoja kina doa la rangi ya kijani chini yake, kubwa la kiasi cha ukucha. Maana kwetu harusi haifanyiki kwa vyombo vya mtu mmoja. Huyu huleta sinia, yule huleta sufuria, shughuli ikisha hugeuzwa vyote na kila mtu hujua chake kwa alama yake. Mwenye nyekundu, mwenye buluu, mwenye misalaba miwili ya msumari. Kijani ya Mkoani ilikuwa ya Bi Ummkulthum, ilibaki kwenye kopo alipopaka madirisha mwaka wa kuolewa. Jambo hili mwanamke yeyote wa mtaani analijua. Wanaume hawalijui sana, kwa sababu mwanamume huijua sahani ikiwa na wali juu yake; chini yake hajapata kupatazama.

Pembeni ya ua palikuwa na banda la bati, tupu, spana zimetundikwa ukutani kwa mpangilio, kubwa kwa ndogo, zimefutwa vumbi. Hapo ndipo Hudhaifa alipokuwa akifanyia kazi. Tangu atangulie mbele ya haki, mwaka wa tatu sasa, Mkoani gari likiharibika hupelekwa Chake Chake, na huko hungoja zamu yake kama mgonjwa.

Vuai akatoa salamu ndefu, akaeleza ugonjwa wa pumu kwa adabu zote. Bi Ummkulthum akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama fyuzi ameitazama.

Vuai akacheka kwa upole. Fyuzi ni mambo ya zamani, Bi.

Akauliza kama mota ameigonga. Marehemu alikuwa akiigonga kwanza.

Gari za siku hizi hazigongwi, Vuai akamwambia, zina kompyuta, zinaweka kinyongo. Akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya dashibodi, na kabla Mabruki hajamaliza kupiga chafya mota ilikuwa nje, nyeusi, ya mviringo, na feni yake mfano wa kizimba cha panya.

"Una mikono mizuri," alisema Bi Ummkulthum.

"Ahsante, Bi. Lakini hii imekufa, Mungu airehemu. Lazima mpya. Nina moja ya asili, kutoka Dubai, naagiza ije na boti ya kesho. Hii nzee nipe nikaitupe mbali, ina sumu."

Bi Ummkulthum akaitazama mota. Akamtazama Vuai. Akasema haya, na aitupe.

Ijumaa asubuhi Vuai alikuwa nyuma ya nyumba aliyopanga chumba, kajitandikia gunia, anaiosha mota ya Bi Ummkulthum kwa petroli na mswaki. Usishangae. Kumuuzia mtu kitu cha mwenzake ni wizi, na mwizi hufungwa. Kumuuzia kitu chake mwenyewe, alivyoona Vuai, kulikuwa ni kumrudishia amana, na huo uchukuzi ndio ulikuwa na gharama.

Ndani ya kizimba cha feni mlitoka vumbi, vikonyo vya karafuu kiganja kizima, na lulu moja nyeupe iliyodondoka kwenye shela la harusi isiyojulikana. Lulu akaitia mfukoni. Mota akaiunganisha na betri. Ikakohoa, ikasita, ikazunguka. Vuai akafurahi kama aliyeitengeneza. Akaipaka dawa ya viatu mpaka ikang'ara. Chini yake tu palikuwa na doa la kijani lisilotoka kwa petroli wala kwa mswaki. Akaligeuzageuza, akaamua kuwa ni alama ya kiwandani. Akaizonga nailoni, akaitia kwenye boksi la blenda lenye maandishi ya Kiarabu, akaenda zake kusali Ijumaa, tena safu ya mbele.

Baada ya sala akalifungua boksi lile mbele ya Bi Ummkulthum kama anayefunua kawa juu ya sinia la wali.

Bi Ummkulthum akaipokea mota kwa mikono miwili. Akaipindua chini juu, kama alivyokuwa akipindua kila chombo kwa miaka arubaini na tatu.

Vuai akamuona anavyotazama, akaona huu ndio wakati wa kukaza. "Umeliona hilo doa la kijani, Bi? Hapo ndipo watu wanapotapeliwa. Ya bandia haina. Hilo ni muhuri wa kiwanda chenyewe."

"Naliona, mwanangu. Nani kalitia?"

"Wajapani."

"Wana mkono mzuri hao Wajapani," alisema Bi Ummkulthum. "Wametia vile vile ninavyotia mie."

Vuai akacheka naye. Kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko cha bibi, na hilo lingetosha kumfunza kitu mtu mwingine.

Mota ikafungwa. Mabruki akawasha gari, akazungusha kitufe, hewa ikatoka. Mabruki akaweka uso mbele ya tundu la hewa na kusema alhamdulillahi mara tatu. Bi Ummkulthum aliinamisha kichwa upande, anasikiliza.

Akasema inalia.

Ni ugeni, Vuai akamjibu. Mgeni hakosi kusema mawili matatu, kesho atanyamaza. Na hapo, bila ya kujua, alisema kweli tupu.

Pesa akapewa, hakupunguziwa hata senti, akazitia ndani kabisa ya begi. Alikuwa tayari kuondoka, maana mota ile hakuiamini hata kidogo na boti ya kesho asubuhi ilikuwa ikimngoja, lakini Bi Ummkulthum akasema fundi haondoki kwake na njaa, hajapata kuondoka. Na harufu ya pweza wa nazi ilikuwa imeshafika barazani. Tumbo la Vuai halikuwa tapeli, lilisema ukweli siku zote. Akavua makubadhi mlangoni, akatundika kofia kwenye msumari, begi akaliacha barazani, akaingia.

Aliletewa pweza, muhogo, samaki wa kukaanga, kisha wali, kisha maembe. Bi Ummkulthum akawa anaingia na kutoka, mara kaleta maji, mara kaenda kutazama jiko. Vuai alikula mpaka akaona haya kidogo, hali ngeni kwake. Akamuuliza yule bibi kwa nini amkirimu hivi, anataka nini kwake.

"Ule ushibe," alijibu Bi Ummkulthum, na kwenye ncha ya kidole chake palikuwa na rangi kidogo, ambayo Vuai aliiona na hakuitilia maanani.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa ya manyunyu. Vuai akafika bandarini mapema, tiketi mkononi, moyo mwepesi. Akamkabidhi begi mchukuzi mmoja mnene, Nyange, mkubwa wa wachukuzi wote wa pale. Nyange akalinyanyua kichwani. Mwenzake aliyekuwa nyuma akatazama juu, akamwambia jambo sikioni. Nyange akaliteremsha begi, akaligeuza.

"Hili begi la Bi Ummkulthum," alisema.

Vuai akatabasamu, akaeleza kuwa ni lake, kalinunua Darajani, na zipu yake ya pili ni mbovu. Nyange akamuonesha chini ya begi. Doa la kijani, la kiasi cha ukucha.

"Sikiliza, bwana mgeni. Mie nimebeba masinia yale ya shughuli tangu sijaota ndevu. Rangi hii naijua kuliko sahihi yangu. Mkoani chenye rangi hii ni cha Bi Ummkulthum, hata kikutwe kisiwani Fundo."

Vuai akaapa. Akaapa tena kwa kiapo kikubwa zaidi. Wachukuzi wakawa wanaongezeka, kama wanavyoongezeka pasipo na mzigo. Mmoja akamwambia anyanyue mguu. Akanyanyua. Chini ya kubadhi, kijani. Mguu wa pili, kijani. Nyange akamvua kofia kwa heshima, akaipindua, akaipitisha kwa wenzake. Ndani ya ukingo, kijani.

"Mtu mzima huyu," alisema Nyange, "kaibiwa yeye au kaiba yeye? Maana naona hata kichwa si chake."

Hapo Vuai alikumbuka doa moja jingine, alilolisugua kwa mswaki mpaka mkono ukamuuma. Akakumbuka Wajapani. Damu yote ikamshuka miguuni, na miguu yenyewe ilikuwa mitupu, kwa sababu makubadhi yalikuwa yameshachukuliwa.

Walimrudisha mlimani kwa adabu, Nyange mbele na begi, wengine nyuma na kiatu kimoja kimoja. Uani walimkuta Mabruki ameshika tama mbele ya Noah. Feni ilikuwa imenyamaza tangu alfajiri, kama alivyoahidi fundi. Bi Ummkulthum alikuwa anashona. Akawashukuru wachukuzi, akalipokea begi, akapokea makubadhi, akapokea kofia, akavipanga kando yake barazani kama mtu aliyerudishiwa vyombo vya shughuli.

Vuai akapiga magoti kwenye tope. Akaomba radhi, na safari hii maneno yalikuwa machache. Akasema pesa zote zimo begini, hajagusa, na azichukue.

"Pesa hazipulizi," alisema Bi Ummkulthum. "Harusi alasiri. Itoe."

Ikatoka, skrubu tatu, plagi moja. Bi Ummkulthum akamtaka atazame fyuzi, ikawa nzima. Akamtaka ashike taa ya kupimia ya marehemu kwenye plagi, ikawaka. Basi umeme unafika, akasema, ugonjwa umo ndani ya mota. Airudishe kwenye plagi na aigonge, taratibu, kwa mpini wa bisibisi. Vuai akagonga. Mota ikazunguka nusu duara, ikafa. Akagonga tena, ikazunguka tena, ikafa.

"Umeona? Makaa yamekwisha. Cherehani yangu ya umeme ilifanya hivi hivi."

Ikafunguliwa juu ya meza ya banda, na Vuai akaona kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa akikitangaza. Ndani mna vijiti viwili vyeusi, makaa ya mota, vinavyoegemea shaba inayozunguka ili vipitishe umeme. Vinapaswa kuwa na urefu wa kokwa ya tende. Hivi vilibaki kama punje ya mchele. Bi Ummkulthum akatoa kikopo chenye makaa ya akiba ya cherehani, matatu. Akasema ni manene kidogo, yasuguliwe sakafuni yaingie, wala pasitumike nguvu.

La kwanza Vuai alilisugua kama anayekimbizwa. Likakatika katikati. Mabruki akasema la ilaha illa Llahu, akatoka nje ya banda.

Bi Ummkulthum akaweka mawili yaliyobaki mbele yake, akakaa juu ya ndoo.

Vuai akaanza tena. Akasugua mara tatu, akapima. Akasugua mara mbili, akapima. Jasho lilimtiririka puani na hakulifuta. Boti ilipiga honi huko chini, ya kwanza, ya pili, na hakuinua kichwa. La pili likaingia. La tatu likaingia. Akaisafisha ile shaba kwa msasa laini mpaka ikawa nyekundu kama bangili mpya, akatia tone la mafuta, akafunga. Hakuna aliyemwambia asali adhuhuri. Alikwenda mwenyewe akarudi mbio.

Mota ikawekwa mahali pake. Mabruki akazungusha kitufe huku amefumba macho.

Haikulia. Ilivuma, sauti moja, nene, ya kutulia.

Lakini kioo bado kilikuwa cheupe kwa ukungu, na nje mvua imekaza. Bi Ummkulthum akachungulia dirishani, akamwambia Mabruki azungushe na kile kitufe cha pili, chenye alama nyekundu.

"Cha moto, Bi? Pemba?"

Hakukuwa na mtu aliyewahi kukigusa kitufe kile tangu gari litoke Japani. Mabruki akakizungusha. Ikatoka hewa ya moto inayonuka karafuu na vumbi lililoungua, na ukungu ukaanza kupanda, kutoka chini kwenda juu, mpaka wakaonekana wachukuzi wote waliokuwa mbele ya gari wakinyeshewa, wanaonesha meno.

Baada ya alasiri Asya alipandishwa na shela lake na rangi zake zote za usoni, Mabruki akageuza kitufe kwenye baridi zisiyeyuke, na Noah ikashika njia ya Kengeja, kioo safi hakina ukungu, vigelegele vinaifuata. Watu waliosimama barabarani walisema gari la Bi Ummkulthum lina baraka, na Vuai akawasikia.

Alikuwa ananawa mikono kwenye kata, anairudia kucha baada ya kucha, hana haraka. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ile lulu, akaiweka juu ya cherehani. Hakuwa ameombwa. Akasema ilikuwa ndani ya feni.

Bi Ummkulthum akaitia kwenye kikopo cha vifungo.

"Sasa Bi, naomba begi langu."

"Lipi?"

Vuai akalitazama begi, makubadhi na kofia, akatabasamu, na lilikuwa tabasamu jipya, halijazoea uso ule. "Basi naomba begi lako."

"Ntakuazima. Pesa zimo, hesabu ni yako, kazi nimeiona. Kile kipimo nimekitoa, watoto wa jirani wanachezea."

Nje ya ua lilisimama gari la abiria la kwenda Kengeja, dereva kateremka anauliza kama ni kweli hapa pana fundi, maana na yake feni imelala. Vuai alikuwa amesimama peku kwenye mlango wa banda, anazitazama spana ukutani, kubwa kwa ndogo.

"Bi Ummkulthum," alisema. "Ulinijua tangu Alkhamisi. Hukuniitia polisi, ukanipikia pweza. Ukanipaka rangi mpaka kofia. Niambie, weye ulikuwa unataka nini hasa?"

Bi Ummkulthum akakata uzi kwa meno. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Fundi," alisema. "Miaka mitatu nataka fundi kwenye banda hilo, mwanangu, na kila akija mtu anakuja mwizi. Nikasema huyu si haba, mikono anayo."